Likizo bila kalamu

Shule zikifungwa, watoto wa Kikwe, Arumeru, hurudi na madaftari na kalamu. Binti mmoja asiyeona hurudi mikono mitupu: mashine ya Braille ni ghali, wanafunzi huitumia kwa zamu, hivyo hubaki shuleni.

"Mama, vidole vimesahau," alisema likizo iliyopita.

Mama akatafuta kibao na kalamu ya kutobolea. Wakajifunza pamoja: unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha unageuza karatasi ndipo usome.

Louis Braille alibuni nukta hizi sita mwaka 1824, akiwa na miaka 15. Nukta hazilipiwi, kinacholipiwa ni chombo. Kwenye kikao cha wazazi mama hakuomba msaada. Aliuliza: "Mbona kalamu ya mwanangu inauzwa bei ya ng'ombe?"

Swali hilo sasa wazazi wanalipeleka halmashauri.