Gatsata, pikapu kuukuu inapogeuka trela

Wazazi na vijana wa Mahama, wengi mmekuwa mkiuliza: ile trela ya kubebea magunia yetu kutoka sokoni, inawezekana au ni maneno tu? Kukodi lori kila wiki kunamaliza faida yote ya akina mama wauza mboga. Basi tulichukua vibali, tukapanda basi watu watatu mpaka Kigali tukajionee.

Ukishuka Nyabugogo, shika barabara ya kwenda Byumba na Gatuna, na muda si mrefu uko Gatsata. Hapana haja ya kuuliza njia, utasikia nyundo kabla hujaona gereji. Milango ya Toyota imeegemezwa ukutani, injini zimelazwa chini, na kila kijana anakuita, "Mzee, unatafuta kipuri gani?" Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa, vyote vinapita. Waliotoka Goma wangejisikia nyumbani. Watu waliochonga chukudu kwa mti hawawezi kushangaa chuma kikipewa kazi ya pili.

Fundi mmoja mtu mzima alituonyesha. Usinunue bodi ya gari dogo, alisema, kwa sababu halina chesisi; ukilikata, linalegea kama boksi lililolowa. Tafuta pikapu ya zamani, kama Hilux, iliyokufa injini lakini nyuma bado nzima. Inakatwa nyuma ya kabini. Propela shafti inatolewa, ekseli, springi na magurudumu yanabaki. Halafu vyuma viwili vya chesisi vinaongezewa urefu na kukutanishwa mbele kama herufi A, na kwenye ncha inachomelewa sehemu ya kufungia kwenye gari. Minyororo miwili ya usalama nayo lazima, ndoano ikiachia trela isiende peke yake.

Tulifikiri kazi imeisha hapo. Kumbe bado!

Mzigo, mama zetu, haupangwi hovyo. Uzito uegemee kidogo mbele ya ekseli, kama sehemu moja katika kumi ibonyeze kwenye ndoano. Ukijaza viazi nyuma kabisa, trela itatikisa mkia barabarani hadi imshinde dereva.

Jambo lililotukalisha kimya ni breki. Kigali ni vilima tupu. Kwenye mteremko, trela iliyojaa inalisukuma gari linaloivuta, na breki za gari peke yake zinachemka. Fundi alisema trela ya mizigo mizito iwe na breki zake, zinazokamata inapoanza kulisukuma gari. Hizo ndizo zinazoongeza gharama, na ndizo watu hupenda kuzikwepa. Sisi hatukubali zikwepwe, kwa sababu juu ya magunia hayo watoto watapanda tu, hata ukikataza. Taa za nyuma na ukaguzi wa polisi navyo viingie kwenye hesabu.

Vijana walitutuma tuulize kama rifani, ile pikipiki ya magurudumu matatu, inaweza kuivuta. Fundi alicheka mpaka akaweka spana chini. Haiwezi, hata trela ikiwa tupu.

Kwa hiyo kabla ya kuchanga pesa za chuma, tunatafuta mwenye gari la nguvu atakayekubali kufungiwa ndoano, na tukubaliane naye bei ya kila safari. Anayemfahamu mtu wa namna hiyo huku Kirehe atuambie mapema.