Chini ya Soji

Mashua za mawe ziliingia na maji kujaa, zikitokea Maweni, ng'ambo kule kisiwani Manda. Ukisimama pwani ya Langoni saa kumi na mbili asubuhi ungesikia kwanza tanga likishushwa, halafu mabaharia wakirushiana mawe ya matumbawe, halafu wenye punda wakigombania zamu. Harufu ya samaki ilichanganyika na ya mavi mabichi ya punda, na juu ya zote ikaelea ya mahamri yaliyokuwa yakiumuka kwenye mafuta kwa mama mmoja wa jirani. Mimi nilikaa juu ya rundo la boriti za mikoko, daftari mapajani, nikihesabu.

Mwaka ulikuwa 1991. Walioniajiri walitaka wajue punda wa Lamu anabebeshwa mawe mangapi, naye aliyetakiwa kuwaambia ni mimi. Shogi, mfuko wa pande mbili mgongoni mwa punda, ilikula sita upande huu, sita upande ule, kisha mvulana akaruka juu, miguu ikining'inia. "Simile! Simile!" Wakapotea katika vichochoro kuelekea Usita wa Mui, na watu wakijibanza kutani kuwapisha. Wavulana waliniita Mama Hesabu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au kejeli.

Aliyenifundisha kazi hasa ni mzee mmoja mwenye punda wanne, mtu wa kikoi kilichofifia na bakora ya mtobwe ambayo sikuwahi kumwona akiigusisha kwa mnyama. Jioni moja aliniita uani kwake.

"Mwanangu, wewe wakimbilia mgongo. Mgongo kila mtu auona. Anza na kwato, wende mkiani, soji mwisho."

Basi tukaanza na kwato. Zilikuwa zimerefuka na kupinda mbele kama viatu vya mtoto aliyevaa vya baba yake. Akainua mkia. Kamba inayozuia mzigo usiteleze mbele ilikuwa imechimba mfereji katika nyama, na kwa uzi wake wa buluu nikajua ni nailoni. Zamani, mzee akaniambia, walitumia kamba ya makumbi. Ile hulainika ikilowa jasho. Hii ya dukani hudumu, ndiyo maana wanaipenda, na ndiyo maana inakata.

Soji yenyewe ilikuwa gunia lililoshindiliwa manyasi, nayo ilikuwa imegandana na kidonda. Hukuweza kuivuta tu. Ulimimina maji ya vuguvugu yenye chumvi, ukangoja, ukamimina tena, ukaibandua kidogo kidogo huku punda akitetemesha ngozi ya bega. Nilipoona kilichokuwa chini yake nilikimbilia ukutani nikatapika. Mzee hakucheka. Alinipa kikombe cha kahawa chungu, na kesho yake tukampeleka yule punda kwenye ile hifadhi inayotazama bahari, iliyofunguliwa 1987 na Waingereza, ambapo punda walitibiwa bure. Kabla ya kukaa uani pale, wenye punda niliwachukia, tena kwa urahisi. Baadaye chuki ikanipotea, ikabaki hasira, na hasira haikujua imwendee nani.

Nilihamishiwa bara. Huko ndiko nilikojifunza sheria, Sura ya 360, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, niliyoitafsiri kwa mkono katika daftari lilelile la mawe. Kumpiga mnyama kikatili ni kosa, kumbebesha mzigo unaomzidi ni kosa. Adhabu: faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6. Kesi yangu ya kwanza, karani wa mahakama aliinua macho kwenye faili akauliza mlalamikaji yuko wapi, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mlalamikaji alikuwa nje, amefungwa kwenye mkaratusi, akitafuna gazeti.

Tulishinda. Aliyetozwa ni kijana wa miaka kumi na tisa, mwendesha mkokoteni kwa ujira wa siku. Mwenye punda hakutia mguu pale. Kijana alikopa akalipa, akamfungua punda yuleyule, akaondoka naye. Kesi hiyo sijawahi kuisimulia kwa kujigamba.

Miaka ya kupigania sheria mpya siwezi kukusimulia sana. Ni miaka ya chai ya flaski na rasimu zilizopigwa mihuri. Ninachokumbuka ni 2016 na baada yake, vilipofunguliwa viwanda vya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, ngozi zichemshwe China kuwa dawa. Punda wakaanza kuibwa usiku. Karibu na Naivasha mama mmoja mchota maji alinipokea uani penye mkokoteni ulioinamisha mikono chini, jerikeni za lita 20 bado zimefungwa. Hakusema neno. Alileta gunia, akalimimina mbele yangu: kwato nne, zimesafishwa. Alikuwa ameziokota vichakani, akaziosha.

Februari 2020 serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitengua marufuku. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, huko Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Habari iliponifikia nilikuwa nimeshastaafu, nachambua mchicha. Nikamaliza kuuchambua, kisha nikaenda kununua tiketi ya basi.

Yule mzee alishazikwa. Mama wa mahamri naye hayupo, ila binti yake yupo, na mafuta yananukia vilevile. Niliketi pwani ya Langoni maji yakijaa. Mashua ikatia nanga, wavulana wakaanza kupakia, nami midomo ikaanza kwenda yenyewe.

"Bibi, wahesabu nini?"

Alikuwa na miaka kumi na miwili hivi, mkono mmoja shingoni mwa punda wake. Nikamwambia mawe. Akatazama shogi, akanitazama mimi, akatoa jiwe moja akaliweka mchangani.

"Haya, hesabu tena."