Nyoka Alaye Nyoka

Wahenga walinena: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Swila mfalme wa misitu ya India na Asia ya Kusini-Mashariki, aweza kufikia urefu wa mita 5, haijui methali hiyo. Chakula chake kikuu ni nyoka wenziwe, wenye sumu na wasio nayo. Hata swila mfalme mwenziwe hamsazi. Kwa ulimi hunusa alikopita windo, akamwuma na kumng'ang'ania mpaka sumu imlegeze, kisha akammeza mzima, kichwa kwanza. Huko Agumbe, India, aingiapo nyumbani, wanakijiji wengi hawakimbilii fimbo. Huwaita wakamataji stadi wamrudishe msituni. Amwuaye huyo huwaondolea nyoka wengine adui wao.