Sauti Kubwa Darasani

Mwanangu anasoma Coventry, mpwa wangu anasoma Muheza. Wote wawili wepesi wa kuelewa ukiwasimulia, na wote wawili maandishi yanawatesa. Wa Coventry ameambiwa ana disleksia. Wa Muheza anaitwa kilaza.

Tangu 2012, shule za serikali England huwapima kusoma watoto wa miaka mitano na sita. Mtoto husoma maneno 40 mbele ya mwalimu wake, na nusu ya maneno hayo hayana maana yoyote, yametungwa tu. Ujanja uko hapo: aliyekariri kitabu hawezi kukariri neno ambalo halipo. Kipimo hiki si cha disleksia, lakini mwalimu anajua mapema nani anasuasua.

Kwetu tulisoma kwa kuitikia. Mwalimu anasoma, darasa zima linapokea, na mwenye sauti kubwa kuliko wote huenda hajatambua hata silabi moja. Mpwa wangu alipita hivyo. Kiswahili nacho kilimsitiri: ba ni ba popote uikutapo, kwa hiyo ukimpa muda anafika, taratibu lakini salama. Kiingereza hakina huruma hiyo. Tazama though, through na cough, kisha umwambie mtoto afuate herufi! Alipoingia Kidato cha Kwanza, Biolojia, Jiografia na Historia zote zikageuka Kiingereza kwa mkupuo. Hapo akakwama kabisa.

Dada alimpeleka kupimwa macho. Ni hatua sahihi, macho yaangaliwe kwanza. Tatizo ni kwamba yalipoonekana mazima, nyumbani wakahitimisha kuwa ni mvivu. Disleksia haikai machoni. Ni shida ya ubongo kuunganisha sauti na herufi, na miwani haiitibu. Hata huku Uingereza wapo wanaouza karatasi za plastiki za rangi za kuweka juu ya ukurasa; ushahidi kwamba zinasaidia ni dhaifu, na mimi singetoa hela yangu.

Wala nisiisifie mno Uingereza. NHS, yaani huduma ya afya ya umma, hailipii kipimo cha disleksia, na ukienda kwa mtaalamu binafsi jiandae kutoa mamia ya pauni. Nafuu yetu ni kwamba shule yenyewe inaweza kumpima mwanafunzi na kumwombea asilimia 25 ya muda wa ziada katika mitihani, au mtu wa kumsomea maswali.

Hilo la kusomewa ndilo nililomsihi dada alipeleke shuleni, maana halina gharama. Mwalimu wa Historia alikubali kumuuliza kijana kwa mdomo. Akaeleza Vita vya Majimaji, kuanzia maji ya Kinjeketile mpaka njaa iliyofuata, bila kuruka kitu. Kwenye majaribio ya darasani sasa anaulizwa hivyo. Mtihani wa taifa bado ni wa karatasi, na dada ameanza kufuatilia.