Hadithi ya Kwanza Ina Uzito Wake

Leo nina habari ya furaha kutoka Suguti, Musoma Vijijini. Mpwa wangu amechapishiwa hadithi fupi yake ya kwanza katika jarida dogo la mtandaoni. Hajalipwa hata senti, na jarida lenyewe huenda hamjawahi kulisikia. Mimi nashangilia hivyo hivyo, tena kwa sauti.

Nilipoirusha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, pongezi zilimiminika: hongera, makofi, maua kibao. Mzee mmoja akauliza, "Wamekupa shilingi ngapi?" Baada ya hapo kundi likarudi kwenye michango ya harusi. Jioni mpwa akanipigia. "Shikamoo mjomba. Hivi kuna mtu ameisoma kweli?"

Swali hilo limenikaa kichwani. Tunapenda kupongeza, ila kusoma tunaahirisha. Na mwandishi anayeanza akikosa msomaji, anaacha. Nimewaona walioacha.

Majarida madogo yametulea muda mrefu. Mwaka 1960 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa mwanafunzi wa Makerere, alichapisha hadithi fupi katika Penpoint, jarida la idara ya Kiingereza lililoanza mwaka 1958. Mwenyewe amesimulia kwamba alimwambia mmoja wa wahusika wa jarida kuwa anayo hadithi, wakati hakuwa nayo, ikabidi akaiandike! Dar es Salaam nako wanafunzi wakawa na Darlite kuanzia mwaka 1966, na Nairobi ikapata Kwani? mwaka 2003. Mwaka 2016 Ngũgĩ huyo huyo, sasa jina kubwa duniani, aliwapa vijana wa Jalada hadithi aliyoiandika kwa Kikuyu, nao wakaitoa katika lugha zaidi ya 30.

Huku kwetu Mara nasi tuna urithi wa maandishi. Mwalimu Nyerere wa Butiama alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, na leo ipo tuzo ya taifa ya uandishi bunifu yenye jina lake. Tuzo ni jambo jema. Lakini kabla ya tuzo anahitajika mtu wa kukaa na rasimu yako.

Jarida dogo lilimpa mpwa wangu mtu huyo. Mhariri alimrudishia hadithi mara tatu. Alimuuliza kwa nini bibi wa kijijini anaongea kama taarifa ya habari. Binti akarudisha maneno ya Kijita aliyokuwa ameyafuta kwa aibu, na mhariri akayaacha yalivyo.

Basi mimi nimeisoma, mara mbili. Ni habari ya mama anayeanika dagaa. Usiku wa giza anasimama ufukweni akihesabu taa za karabai ziwani, maana mume wake yuko huko. Kila siku huwa kumi na mbili. Usiku huo anapata kumi na moja. Mwandishi hasemi kuna aliyezama. Anamwacha mama aanze kuhesabu upya, kutokea upande wa pili. Hapo nilitua simu kwanza.

Sikuipenda aya ya mwisho, ile inayotoa mafundisho. Hadithi ilikuwa imeshasema. Nilipomwambia alicheka: "Hata mhariri alisema, mjomba. Mimi ndiye niligoma." Nimefurahi kwamba anajua kugoma, hata kama safari hii amekosea.

Ombi langu ni dogo. Mkiona kijana ametangaza hadithi au shairi lake la kwanza, msiishie kwenye maua. Isomeni, halafu mwandikieni sentensi moja juu ya kitu kimoja mlichokiona ndani yake. Haigharimu hata bando la shilingi mia tano, na huenda ndiyo itakayomrudisha mezani. Wa kwetu amesharudi: ya pili ameianza juzi.