Mapumziko ya Wamisionari Wazee katika Milima ya Palni

Mkristo wa kijijini amtazamapo mmisionari mzee, aliyekwisha kaa miaka 30 katika nchi ya wageni, hudhani ya kuwa mtu huyo hajui kupumzika. Humwona kanisani, humwona shuleni, humwona akiwatazama wagonjwa; kisha katika majira ya joto kali hamwoni mahali popote. Akiuliza, huambiwa ya kuwa padre amekwenda mlimani. Katika kusini ya Bara Hindi, kwa muda wa miaka zaidi ya 100, mlima uliopendwa sana na wamisionari ulikuwa Kodaikanal.

Wamisionari wa Kimarekani walifika Madurai mwaka 1834, wakitoka Jaffna katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa huitwa Sri Lanka. Nchi ile ya Watamil ni tambarare, na joto lake ni kali. Katika miaka 10 ya kwanza kipindupindu na homa viliwaua wengi wao, pamoja na wake zao na watoto wao. Sababu hawakuijua. Robert Koch alikuwa bado hajakionyesha kijidudu cha kipindupindu, jambo alilolifanya mwaka 1884; wala Ronald Ross alikuwa hajaona vijidudu vya malaria ndani ya mbu, kama alivyoviona huko huko Bara Hindi mwaka 1897. Wao waliamini ya kuwa hewa ya bondeni ndiyo yenye sumu. Walijaribu kwanza vilima vya Sirumalai, lakini havikuwa virefu vya kutosha, na homa ikawafuata. Ndipo mwaka 1845 wakajenga nyumba mbili Kodaikanal, katika milima ya Palni, kama futi 7,000 juu ya bahari, karibu sawa na Limuru. Walikosea katika kuitaja sababu, lakini dawa waliyoichagua ilikuwa ya kweli, kwa maana mbu wa malaria hasitawi penye baridi.

Basi safari ya mlimani haikuanza kwa anasa. Ila mtu aliyekwenda mahali kwa kukimbia kifo, akiona ya kuwa amepona, huanza kutazama huku na huku. Na pale palikuwa na mambo ya kutazamwa. Mwaka 1863 Vere Levinge, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Madurai, alizuia maji ya bondeni akafanya ziwa. Mwaka 1872 ilichongwa njia ya miguu kwenye ukingo wa mlima, ambayo hata leo huitwa kwa jina la Coaker. Kukiwa hakuna ukungu, mwenye kutembea pale huona tambarare yote chini yake. Ziko pia nguzo tatu za mawe, zilizosimama kama futi 400, ambazo mawingu huzifunika na kuzifunua mara nyingi katika saa moja. Na liko ua la kurinji, linalochanua mara moja kila miaka 12, likageuza vilima kuwa rangi ya samawati. Lilichanua mwaka 2006, tena 2018. Mmisionari aliyetumika miaka 36 angeweza kuliona mara tatu tu, kama hakuwa safarini kwao mwaka huo.

Lakini walipandaje? Hapa ndipo penye neno. Reli ilifika chini ya milima mwaka 1875, na barabara ya magari haikupatikana ila katika karne ya 20. Kabla yake, mwenye nguvu alipanda kwa miguu au juu ya farasi, na mzee au mgonjwa alichukuliwa kitini, mabegani mwa watu. Wachukuzi hao walipokwisha kumtua padre penye baridi, walishuka tena kwenye joto lile lile na homa ile ile. Wao pia walizika watoto, wala hawakuwa na nyumba mlimani. Mtoa sadaka, awe wa Marekani au wa Madurai, alikuwa na haki ya kuuliza habari hiyo, na jibu si jepesi.

Hata hivyo hesabu ina upande wa pili. Kitamil si lugha ya kujifunza kwa mwezi mmoja. Mtu aliyekisoma miaka mitatu, akafa mwaka wa nne, amekwenda nacho kaburini, na fedha zote zilizomleta zimekwenda pamoja naye. Mwezi mmoja wa baridi ulikuwa na gharama ndogo kuliko hiyo.

Tena wako waliolipa deni lao waziwazi. Daktari Ida Scudder alizaliwa Ranipet mwaka 1870, katika ukoo wa wamisionari waganga. Kule Vellore alianzisha hospitali, na mwaka 1918 akafungua shule ya kuwafundisha wanawake udaktari. Alistaafu mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 75. Hakurudi kukaa Marekani. Alikaa katika nyumba yake ya Kodaikanal, akafa pale mwezi wa Mei 1960. Ni vigumu kumwonea kijicho mzee kama huyo kwa ajili ya kutazama ziwa.

Shule ya watoto wa wamisionari ilifunguliwa Kodaikanal mwaka 1901, miaka mitano kabla ya ile ya Kijabe katika Kenya, nayo ipo hata leo, ikiwapokea watoto wa mataifa mengi. Wamisionari wenyewe wamepungua sana. Ifikapo Mei, tambarare ikiwaka joto, mabasi hupanda mlima yakiwa yamejaa Watamil na Wahindi wengine, makarani, walimu na wakulima pamoja na wake zao na watoto wao, nao ndio wanaokodi mashua za ziwani na kusimama ukingoni wakingoja ukungu uondoke.