Vidonge Vilivyokawia Miaka Arobaini

Sisi ni wanawake wa ushirika mmoja hapa Kibaha, na desturi yetu ni kuwatembelea wagonjwa, wa kwetu na wa ndugu zetu walioko Kisarawe. Katika kazi hiyo tumewauguza wawili wenye ugonjwa mmoja: kifua kikuu sugu, yaani kile kisichosikia dawa za kawaida.

Wa kwanza, dada yetu wa Kisarawe, aliugua mwaka 2012. Alichomwa sindano miezi mingi, tena juu ya rundo la vidonge, na matibabu yote yalimaliza karibu miaka miwili. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini dawa ile ya sindano huweza kuua masikio, na leo mwanawe akimwita kutoka uani hasikii mpaka aguswe bega.

Wa pili ni jirani yetu wa hapa Kibaha, aliyeugua mwaka 2023. Yeye alimeza vidonge tu. Anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, na sauti anaisikia vizuri.

Kilichoingia katikati ni dawa moja, bedakwilini.

Dawa za kifua kikuu zilizotangulia, nyingine zilitoka ardhini. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943 nchini Marekani, katika vijidudu vya udongo. Rifampisini, kile kidonge kinachofanya mkojo uwe mwekundu, ilitokana na udongo wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa, mwaka 1957. (Nasi tunaolima mihogo kila msimu hatujui tunatifua nini!) Baada ya hapo pakawa kimya. Kampuni kubwa hazikuona faida katika ugonjwa wa maskini, na vijidudu navyo havikulala. Ilipofika Desemba 2012 ndipo Marekani ilipoidhinisha bedakwilini, dawa ya kwanza ya aina mpya kwa ugonjwa huu baada ya miaka zaidi ya 40. Iligunduliwa na kundi la Dk. Koen Andries wa Ubelgiji. Inamnyima mdudu nguvu za kuishi, kama jiko lililozimwa mkaa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliiweka mbele, na sindano ya kanamaisini ikaachwa.

Ila dawa kugunduliwa si dawa kufika. Hapa tunawataja kwa heshima wanawake wawili, Nandita Venkatesan wa India na Phumeza Tisile wa Afrika Kusini. Wote waliugua kifua kikuu, wote walipoteza usikivu kwa matibabu. Mwaka 2019 walipinga huko India ombi la kampuni yenye bedakwilini la kuongezewa hakimiliki hadi mwaka 2027. Machi 2023 ombi lilikataliwa, viwanda vingine vikapata njia ya kuitengeneza, na bei ikashuka. Wasiosikia ndio waliowasemea wenye masikio.

Tayari vijidudu vinavyoishinda bedakwilini vimeonekana katika nchi kadhaa, na wataalamu wanatafuta nyingine. Sisi kwa sasa tuna mgonjwa wa tatu, mama wa watoto wanne. Tumepangiana zamu. Anayeshika zamu hufika asubuhi na chupa ya uji, hukaa naye mpaka kidonge cha mwisho kimeze­ka, hata siku anapogeukia ukutani na kusema amechoka.